Aliyepoza Maneno

Nilimsikia kabla sijamwona. Nyuma ya ua wa mabati mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa ikikwaruza, na juu ya mkwaruzo huo sauti ya mwanamume, nzito na tulivu, ilikuwa ikihesabu kwa lugha mbili kwa pamoja. "Ena, usa. Dve, duha. Tri, tulo." Kimya kidogo cha kushusha pumzi, kisha tena. "Štiri, upat." Nilisimama na sahani yangu ya mahamri nikingoja hesabu imwishie. Zilizokwisha ni nazi.

Mtaa mzima wa Mtopanga ulimwita Mkalimani, nami sitamwita vingine. Jina lake nalijua, na la babake, na la ukoo wake wa Mji wa Kale alilopenda kulitamka polepole kama mtu anayekunjua kanzu ya Idi. Sitaliandika. Jina la baba yangu lilitolewa mbele ya watu likarudi limechafuka. La huyu na likae lilipo, lisisomwe na mtu. Hayo ni malipo madogo. Malipo makubwa ni kumsema mzima, pamoja na uzuri wake, kwa sababu mtu akielezwa ubaya mtupu hakuna anayeamini kwamba aliwahi kuishi.

Na uzuri alikuwa nao. Alikuwa mrefu, mkavu, amefunga vifungo vya shati hadi shingoni hata katika joto la Machi. Alinukia iliki. Hakupita mtoto bila kumsalimu, wala paka bila kumtupia kichwa cha dagaa. Alipika biriani za harusi bila kuonja, akitegemea pua tu, na sufuria ikishafunikwa hakuna aliyethubutu kuongea karibu nayo. Miaka mingi alikuwa mpishi melini, pamoja na mabaharia wa kisiwa cha Sebu, huko Ufilipino. Kisebuano alikiokota jikoni, baina ya sufuria. Kisha akaugua, akashushwa katika bandari ya Slovenia, nchi ambayo pwani yake, alisema, ni fupi hivi kwamba ukipiga chafya umeivuka. Akapona, akapata kazi ya jiko, akakaa huko hadi akawa anaota kwa Kislovenia. Alirudi kwetu Mtopanga na lugha mbili ambazo hapakuwa na mtu wa kuzisema naye, na kwa muda mrefu alizisema na nazi.

Mimi ndiye mtu wa kwanza aliyezitaka. Alifurahi mno hata hakuuliza kwa nini.

Alizilinganisha kipishi. Kislovenia, alisema, ni mchele wa kuchambua. Kila neno lina mkia, na mkia hugeuka kufuata kazi ya neno. Ukiacha kokoto moja umevunja jino. Kisebuano ni unga wa kukanda. Unashika shina moja, unalibandika kitu mbele, unalipenyeza kitu katikati, unaliongeza nyuma, nalo linakuwa mkate mwingine kabisa. "Kama chetu," alisema. "Pika, pikia, pikisha, pikiana. Mbisaya wa Sebu akija hapa hatapata tabu. Mslovenia atalia kwanza." Kisebuano hutanguliza tendo, mtendaji akafuata nyuma, unajua kwamba kuna kuliwa kabla hujajua nani anakula. Kislovenia humwacha mtendaji ajifiche ndani ya tendo, asitajwe kabisa.

"Mwanangu."

"Abee."

"Meza, kwa Kislovenia?"

"Miza."

"Kwa Kisebuano?"

"Lamesa."

"Waona sasa? Bahari tatu, meza moja. Wale waliipata upande wa Warumi, hawa kwa Mhispania, sisi kwa Mreno. Wanadamu hugombania kila kitu, lakini pahali pa kulia wameazimana." Alipiga goti kwa kiganja. "Na samaki?"

"Riba."

Hapo alicheka mpaka kofia ikamteleza. "Nimekula riba miaka na miaka, wallahi, asubuhi na jioni. Nilimwambia hivyo imamu wetu, akanitazama, akataka kunirudisha safu ya nyuma."

Nilijua kwamba mtoto kwa Kisebuano ni *bata*, na kwamba asante yao, *salamat*, ilitoka kwa Waarabu kama salama yetu. Nilijifunza kwamba Mslovenia ana sisi ya watu wawili peke yao, *midva*, iliyotengwa na sisi ya wengi, kana kwamba wawili ni nyumba yenye mlango wake. Mbisaya ana sisi ya kukuingiza wewe ninayesema nawe, *kita*, na sisi ya kukuacha nje, *kami*. "Chetu kina sisi moja," alisema Mkalimani, "tumeitandika kama mkeka mkubwa, kila mtu akae." Aliona huo ni ukarimu. Mimi niliitikia kwa kichwa, nikafikiri kwamba kwenye mkeka mkubwa ndiko mwizi hukaa asionekane.

Siku moja alinipa neno *baba*. Kwa Kislovenia, alisema, ni bibi kizee, tena wa kutukanwa. Kwa Kisebuano ni kinywa. Aliendelea kutabasamu kidogo baada ya kumaliza, kisha akakumbuka anasema na binti wa nani. Akainuka kwenda kutazama sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Ukimuuliza kazi yake hakusema kupika. Alisema, "Napitisha maneno." Alijua pia Kigiriama, Kidigo, Kiingereza cha melini na Kiarabu cha kuulizia bei, na watu walimwita kila palipokuwa na vinywa viwili visivyoelewana. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi hiyo. Alimiminia chai yake kisahanini, akaipuliza, akasema, "Neno nalo ni hivi. Likitoka kinywani li moto. Ukilipitisha vile vile litamchoma mwenzio, na mkono wako pia. Lipoze, ndipo umpe." Hayo ndiyo malezi ya pwani yetu. Nimelelewa nayo. Mwenyeji haambiwi kwamba chumvi imezidi, na mgonjwa haambiwi kwamba amekonda.

Mtaa ulimpenda kwa sababu hiyo. Kulikuwa na kijana aliyehamia kutoka bara, maji machafu ya bafu lake yakapita mlangoni kwa mama mmoja wa Kaloleni aliyeuza mihogo. Mama yule akikasirika Kiswahili humtoka chote, hubaki Kigiriama. Mkalimani akasimama katikati, mikono nyuma, watu tumejaa.

Mama akasema maneno marefu. Waliojua Kigiriama walifunika midomo. Alikuwa amesema maji yale yananuka kama roho ya mwenyewe, na kwamba aliyemzaa alizaa tundu la choo.

"Mama asema," Mkalimani akatafsiri, "maji yamekosea njia."

"Si aache kunipigia makelele, mzae," kijana akajibu. "Hii ploti ni ya babake? Mwambie akitaka nyumba kavu ajenge mwezini."

Mkalimani akageuka. Kwa Kigiriama akasema kijana ameomba apewe muda, na ameuliza kama mama anaweza kumwazima jembe.

Kabla ya adhuhuri mfereji ulikuwa umechimbwa. Mama alimpelekea kijana mihogo, kijana akasema huyu mathee kumbe ni poa tu. Tulicheka juma zima. Mimi pia nilicheka.

Kuna kisa kingine ambacho watu walikisimulia kwa kumsifu. Mwanamke wa mashambani alimleta mumewe hospitali, hajui ila lugha ya kwao. Daktari alisema wazi kwamba mzee hataiona kesho, mke akae karibu naye. Mkalimani akamwambia, "Daktari asema mzee amechoka, ataka apumzike." Mwanamke akaenda nyumbani kumpikia uji. Aliporudi na chupa yake ya uji, shuka lilikuwa limevutwa hadi juu. Alimshukuru Mkalimani kwa kumpa siku moja ya amani, na watu walipofika hapo katika kusimulia walitikisa vichwa wakasema, mtu wa watu yule. Kwa miaka hakuna aliyeuliza mzee alimngoja nani mchana ule.

Sasa nimseme baba yangu.

Jina lake Hamadi. Jina hili naliandika. Alifanya kazi Changamwe, mahali ambapo kampuni ya kigeni ilikuwa ikijenga gati la kupakulia mizigo. Kazi yake ilikuwa kuufunga mzigo chini ya kulabu ya winchi, kisha kuinua mkono kumwambia mwenye winchi avute. Alikuwa fundi. Aliweza kufunga fundo akitazama kwingine akizungumza nawe, na usiku alinifunga nywele kwa vidole vile vile, hazikufumuka hadi Jumapili. Injinia mkuu alikuwa Mslovenia. Mwenye winchi alikuwa Mbisaya wa Sebu, mtu wa makamo, Kiingereza chake chembamba. Kampuni iliposikia kwamba Mtopanga kuna mzee anayejua lugha za wote wawili, ilimtuma mtu kwa gari. Mkalimani alinunua kofia mpya. Baada ya kusema na nazi muda wote ule, alikuwa amepata watu.

Waya wa winchi ulikatika siku ya Alhamisi asubuhi. Vyuma vilimwangukia baba.

Kikao cha uchunguzi kilifanywa ofisini kwao. Mimi nilikuwa darasa la saba. Mama na mimi tuliketi nyuma, karibu na mlango, mama amevaa buibui la kuazima kwa sababu lake lilikuwa bado linanuka ubani wa matanga. Mbisaya alisimama kutoa ushahidi. Alisema kwa muda mrefu. Alionyesha juu, akaonyesha kifuani mwake, akapiga meza kwa kidole, mwisho akalia bila kuficha uso. Kisha ikawa zamu ya Mkalimani.

"Asema," alisema Mkalimani, "mzigo ulikaa upande. Haukufungwa sawa. Uliteleza, ukauvuta waya kwa mshtuko."

Basi. Wakaandika kwamba aliyefunga ndiye aliyekosea. Mwenye winchi alirudishwa kwao mwezi huo huo. Na bandarini likazaliwa neno. Mtu akifunga kamba ovyo, iwe ya lori la magunia au ya kitanda juu ya mkokoteni, wenzake humwambia, "Hilo ni fundo la Hamadi." Nimelisikia Magongo, kwenye kituo cha magari, kwa vijana ambao hawakujua Hamadi alikuwa mtu. Kaka yangu alilisikia siku yake ya kwanza kazini, akavua glavu akarudi nyumbani, wala hajawahi kurudi bandarini.

Mama hakulia ofisini. Njiani kurudi tulivuka daraja. Kisha akasema, "Yule mgeni alisema mengi akalia. Huyu wetu akasema kidogo, tena macho makavu. Mengine yamekwenda wapi?"

Kesho yake alikanda unga, akachoma mahamri, akanipangia sahani. "Nenda kwa Mkalimani. Mwambie wataka kujifunza. Usimuulize kitu chochote. Jifunze tu, kila neno, mpaka asibaki na neno ambalo wewe huna."

Ndivyo nilivyofika kwenye ule ua wa mabati.

Nilikwenda miaka yote ya sekondari, na miaka ya chuo nikirudi likizo. Alinifundisha kwa moyo wake wote. Nilipougua malaria alinipikia uji wa pilipili manga, akaketi nje ya chumba chetu akinisomea majina ya samaki kwa lugha mbili hadi nikalala. Nilipofaulu mtihani alichinja kuku. Nilimpenda. Hilo nalo nimemwandikia kwenye hesabu yake, maana kumpenda mtu huyo kulinigharimu usingizi mwingi, nikijiuliza kama ninamsaliti yeye au ninamsaliti baba. Wako watakaosema kwamba alinifundisha kwa kujuta, kwamba alikuwa akiniwekea mkononi ufunguo ambao yeye hakuthubutu kuugeuza. Huenda. Lakini mtu anayejuta ana kinywa. Alikuwa nacho cha lugha saba.

Mwaka jana nilimtafuta Mbisaya mtandaoni. Haikuwa kazi ngumu. Niliandika kwa Kisebuano katika kundi la watu wa mji wao, nikasema namtafuta mtu aliyeendesha winchi Mombasa. Watu walishangaa Kisebuano changu, wakaniuliza kama nimeolewa huko. Binti yake alijibu. Asubuhi moja akanipigia na kumwelekezea baba yake simu usoni. Alikuwa amezeeka, amekaa kwenye kiti cha plastiki, jogoo wanawika nyuma yake. Nilimwambia mimi ni binti wa Hamadi. Alimwomba binti yake amshikie simu vizuri, kisha akavua kofia.

Aliniambia yote kwa mpangilio, kama mtu aliyekuwa akijikumbusha kila mwaka. Asubuhi ile alikuwa ameukagua waya, akaona nyuzi zake zimekatika ndani. Akashuka, akamwambia Mkalimani amwambie injinia: waya umekufa, siinui, mtu atakufa. Mkalimani akamwendea injinia, wakazungumza kwa heshima, injinia akajibu kwa maneno machache. Mkalimani akarudi akamwambia: injinia amekusikia, anakuomba uvumilie kwa leo. Mbisaya akaelewa kwamba mkubwa amejua kila kitu na amebeba dhamana. Akapanda.

"Na kikaoni uliwaambia haya?" nilimuuliza.

"Niliwaambia yote," alisema. "Nikawaambia baba yako alifunga vizuri. Nilikuwa nikiona mafundo yake kutoka juu kila siku. Kwani hukuambiwa?"

Ya injinia niliyajua kwa Mkalimani mwenyewe, zamani, bila yeye kujua amenipa nini. Alikuwa akinifundisha namna ya kuomba kwa adabu kwa Kislovenia, akatoa mfano, na mfano wake ulikuwa huu: fundi anaomba waya utazamwe ikipatikana nafasi. Akasema Waslovenia hujibu ombi la namna hiyo kwa kusema *dobro, gremo naprej*, vyema, tuendelee. Alikuwa akimimina chai. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikauandika mfano huo moyoni kama nilivyoambiwa na mama nijifunze kila neno, nami nikangoja.

Kwa hiyo sasa unajua. Hakuna aliyemchukia baba. Hakuna aliyehongwa. Mzee mwenye adabu alichukua neno la moto akalipuliza mpaka likawa la kunyweka, na mtu akafa. Kisha alipoona amefanya nini, akachukua jina la marehemu akaliweka mbele yake kama ngao. La kwanza ningeliweza kumsamehe. La pili nimelilea kama mtoto.

Nilimweleza mama siku hiyo hiyo. Alikuwa akichambua mchele. Aliniomba nimrudilie maneno ya Mbisaya, kwa lugha yake kwanza, kisha kwa yetu. Akayarudia kimyakimya. Akaendelea kuchambua.

"Twende sasa hivi kwake," nilisema.

"La. Atakuja mwenyewe."

Alijua anachokisema. Mwaka huu Mkalimani alijaliwa nafasi ya hija. Na kwetu anayekwenda Maka hazunguki kuaga tu. Hupita nyumba kwa nyumba akitaka radhi, kwa sababu haki ya Mungu husamehewa na Mungu, na haki ya mtu husamehewa na mtu. Kwa muda wa siku kadhaa tulimwona akipita vichochoroni na kanzu mpya, watu wakimkumbatia. Nyumba yetu aliiacha mwisho.

Alikuja Alhamisi baada ya alasiri. Nilimpa shikamoo yake, akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," akaketi ukingoni mwa kiti. Mama alimletea maji, akaketi mbele yake.

"Nimekuja, mama," alisema. "Nimeitwa, naitikia, inshallah Jumapili nasafiri. Kesho baada ya sala ya Ijumaa wataniombea dua msikitini. Jirani ni ndugu. Nililokukosea kwa kujua na kwa kutojua, nililolisema na nililolinyamazia, naomba uniwie radhi."

"La kutojua nimekusamehe," mama alisema. "La kujua ni lipi?"

Mkalimani alitabasamu. "Mama, mja hakosi makosa. Tukianza kuyachimbua tutajiumiza bure."

"Niumize."

Alitazama maji yake. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba. Niliingia, nikaketi kitako mkekani, kwa adabu ile ile niliyoketi nayo miaka yote kwake.

"Mkalimani," nilisema, "nina kazi moja ya kukuomba. Kuna mtu ana maneno kwa mama. Nitayasema kama alivyoyasema, wewe umtafsirie." Nikayasema. "*Patay na kining kable. Dili ko moalsa. Naay mamatay.*"

Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele yangu, ila siku hiyo.

"Umeyatoa wapi?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa mwenyewe. Yu hai. Nilimpata kwa watu wa mji wao."

"Nangoja tafsiri," mama akasema.

Alifuta uso kwa leso, akaikunja, akaikunjua. Nilimhurumia, naapa, na huruma hiyo nikaikalia. "Asema," alianza, "asema ule waya alikuwa na shaka nao kidogo. Kwamba ingefaa, kama ingewezekana..."

"Ndivyo alivyosema?"

"Kwa maana yake, mama."

"Maana nitaitafuta mwenyewe. Nataka maneno." Mama hakupandisha sauti. "Waya umekufa. Siinui. Mtu atakufa. Mwanangu alishanitafsiria, nami nayalalia mwaka mzima. Nilitaka kuona kama leo, na ihramu yako iko sandukuni, utaweza kuyatoa kama yalivyo."

Nje muuza maji alipita akigonga mkokoteni.

"Kesho," mama aliendelea, "watu wa bandarini watakuwa msikitini wote. Watakuja kukuaga, wanakupenda. Simama uwaambie yule mgeni alisema nini na wewe ukasema nini. Uwaambie Hamadi alifunga sawa. Nitakuwa upande wa wanawake nikisikiliza. Ukimaliza nitakupa radhi, kwa sauti watakayoisikia wote."

"Mbele za watu, mama?" Aliigusa kanzu yake mpya. "Siku ya kuagwa? Mzee kama mimi? Watanionaje?"

"Uliwauliza watamwonaje Hamadi?"

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na katika lugha ambayo kwa Mtopanga nzima tulikuwa nayo yeye na mimi tu, alisema neno moja, "*Prosim.*"

Mama alinitazama. "Asemaje?"

Ningeweza kusema anaomba apewe muda. Ningeweza kusema anajuta, au kwamba ni mzee na amechoka, na huenda yote yangekuwa kweli.

"Asema: tafadhali," nilimwambia mama.

"Asema tafadhali atasimama kesho? Au tafadhali tumwache?"

Nilimuuliza kwa Kislovenia, bila kuongeza wala kupunguza. Alinijibu, macho yakiwa sakafuni.

"Tafadhali tumwache," nilitafsiri.

"Mwambie hapana."

"*Ne*," nilimwambia.

Aliinuka kwa kushika ukuta. Nilizoea kumpa mkono anapoinuka. Mkono ulinyanyuka wenyewe, nikaurudisha mapajani. Alitafuta viatu vyake kizingitini, mguu mmoja ukapapasa muda mrefu. Akageuka nusu.

"Na radhi, mama? Niende Maka hivi hivi?"

"Radhi yako haiko humu ndani," mama alisema. "Iko bandarini, katika vinywa vya wale wanaomtaja mume wangu. Kaikusanye."

Alingoja kidogo, kama anayetegemea neno jingine limfuate. Alipoteremka kidato, mama aliinuka akafunga mlango.